Masikini Kumi wa Estrela

Jumamosi, 7 Septemba 2013

Tumefungwa na Mbau. Mbau! Naandika mara ya pili ili niamini. 58 kwa 31. Watu ambao kwao wanachezea mchangani, mpira wenyewe haudundi, wamekuja hapa Palma juu ya saruji yetu wakatufanya walivyotaka. Ni mara ya nne mfululizo. Jumamosi ijayo tunacheza na Quiterajo, na tukifungwa tena, Estrela, timu yetu ya kikapu, tumetoka kwenye Kombe. Basi. Tutabaki kutazama wenzetu.

Mechi ilipokwisha hakuna aliyekwenda kwake. Tulisimama chini ya goli kama watu wenye msiba. Abdurremane kinyozi, anayejua kila kitu kuanzia ndevu mpaka siasa za Ulaya, akasema kosa ni la gesi. Vijana wote siku hizi wanafanya kazi kampu, kambini kwa kampuni ya gesi, wanakula nyama na pudini mara tatu kwa siku, miguu imekuwa ya tembo. Dona Margarida, nesi aliyetokea Mueda, akasema gesi haina kosa, kosa ni kwamba hatuzuii. Mbau walikuwa wanapita katikati yetu kama mtu anayepita ukumbini kwake kwenda kunywa maji. Profesa Joaquim, kocha wetu, alikuwa amekalia mpira.

Mimi nikasema kosa ni kukosa haya. Miaka kumi na moja napiga ngoma ya Estrela! Miaka kumi na moja kila Jumapili nauza bajia kwa ishara kwa sababu sauti imekwisha Jumamosi. Halafu Leonel, yule mrefu kama mnara wa simu, anakosa goli akiwa chini yake, na anacheka! Damu ikanipanda mpaka kwenye ushungi. Nikasema mbele ya kadamnasi: Wallahi, thumma wallahi, sikanyagi tena kiwanja hiki!

Abdurremane akasema, Mama Ancha, umeapa. Nikasema ndiyo nimeapa, si umesikia? Dona Margarida akainama taratibu, akaiokota ngoma, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga. Akasema, usijali dada yangu, nitakushikia.

Taratibu vile! Kama mtu anayembeba mtoto wa mwenziwe aliyelala. Mwanamke yule ameisubiri siku hii tangu aletwe hapa kituo cha afya.

Mume wangu Muhamudo, tulipofika mlangoni, akauliza kama bajia zimebaki.


Jumapili, 8 Septemba

Nimeamka na kiapo kimenikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Nimeswali, nimesoma Yasini, nimelia kidogo. Kiapo kipo.

Nimekwenda kwa Shehe Bachir. Alikuwa anapigilia misumari mlango wa madrasa. Nikamwambia nina swali la mwanamke mmoja ninayemfahamu, ambaye ameapa jambo kwa hasira. Akauliza kama mwanamke huyo ni mfupi na anauza bajia. Nikasema habari za urefu wake sikuambiwa.

Akaniweka kitako akanieleza. Mtu akiapa kuacha jambo la halali, kisha akaona heri kulifanya, alifanye na atoe kafara. Kafara ni kulisha masikini kumi, chakula cha wastani kile anachowapa watu wa nyumbani kwake. Asiyeweza kabisa, huyo ndiye afunge siku tatu.

Nikaruka! Nitafunga, shehe! Kesho naanza! Naye akanitazama kwa upole, msumari mdomoni. Akasema, bibi Ancha, lile friji la milango miwili lililoshushwa na lori wiki ile, kampuni ilipokulipa fidia ya minazi yako, ni la nani vile? Nikasema la kwetu. Akasema, basi utalisha.

Masikini kumi! Kwa maneno saba tu ya hasira!

Nilipofika njiani akaniita nirudi. Nikadhani kanihurumia. Akauliza goti la Issufo, nahodha wetu, linaendeleaje, na kama nadhani Quiterajo tutawaweza.


Jumatatu, 9 Septemba

Nimeamua kutokuvunja kiapo. Kiapo kisipovunjika, kafara haipo. Ni hesabu nyepesi.

Asubuhi nilipita kwa Abdurremane kusikia mji unasema nini. Alikuwa amechora mpango wa mechi kwenye kioo kwa povu la sabuni. Huyu hapa Leonel, hawa Quiterajo, huyu Issufo nahodha anazunguka kwa nyuma. Mteja kitini alikuwa amenyolewa upande mmoja. Alisubiri mpaka Abdurremane alipomaliza robo ya tatu, na yeye naye akainuka, nusu kichwa, akafuta Quiterajo wawili kwa kidole akisema hawa hawako tena, mmoja kavunjika mkono na mwingine kaoa. Wakabishana. Nimecheka mpaka nikasahau huzuni yangu. Kisha wakasema neno lililonichoma: hata tukiwa na mpango, nani atapiga ngoma? Dona Margarida anapiga kama anaita mapiko, wale wachezaji wa vinyago wa kwao Mueda, watoke porini. Wachezaji wanaogopa badala ya kukimbia.

Wananihitaji! Nilinunua wembe nisiouhitaji nikaondoka.

Jioni walipokuwa mazoezini nilibeba kinu mpaka nyuma ya ukuta wa shule, kilipo kiwanja, nikakipindua, nikapanda. Sikuona kiwanja. Niliona ringi moja na kichwa cha Leonel kinapita huku na huku. Nikaimba hivyohivyo, kwa nguvu zangu zote. Profesa Joaquim akasimamisha mazoezi akauliza nani anachinja. Kinu kikabingirika. Goti limechubuka, la kushoto.


Jumanne, 10 Septemba

Naandika nimelalia tumbo. Kukaa siwezi.

Mawazo yangu yalikuwa mazuri, na bado nasema yalikuwa mazuri. Niliapa kutokukanyaga. Aliye ndani ya toroli hakanyagi. Muhamudo ana toroli ya saruji. Alikataa, akasema yeye ni mtu mzima. Nikamwahidi bajia za moto kila asubuhi wiki nzima. Akaenda kutia grisi kwenye gurudumu.

Tukaingia getini saa kumi na moja. Mimi nimekaa ndani juu ya mto, mwavuli mkononi, kama bibi harusi. Wachezaji wakasimama, wakapiga makofi. Leonel akapiga saluti ya kilinzi, si analinda geti la kampu. Nikainua mkono kuomba ngoma yangu. Dona Margarida akajifanya hanioni.

Hapo Muhamudo naye akanogewa, akaanza kukimbia.

Pale kwenye mstari wa kutupia mipira ya adhabu, saruji imepasuka tangu kimbunga. Gurudumu likazama. Toroli ikabaki, mimi nikaendelea. Nilitua kwa makalio, miguu juu, mwavuli kule. Alhamdulillahi nilivaa suruali chini ya baibui. Na palepale chini, kabla hata ya kuvuta pumzi, nikapiga kelele: miguu haijagusa! Mashahidi nyote, miguu haijagusa!

Dona Margarida akaja na chaki. Sijui aliitoa wapi, nadhani hutembea nayo. Akachora duara kwenye saruji pale karibu na kisigino changu, kama polisi. Akasema kisigino kimegusa, yeye kaona kwa macho yake mawili. Abdurremane, Mungu ambariki, akasema kilichogusa ni ndara, na ndara si mguu. Issufo akasema ndara iliyovaliwa ni mguu. Mmoja akasema kwani Mama Ancha alikuja kukanyaga au alikuja kuanguka? Mazoezi yakasahauliwa. Profesa Joaquim alirudi kukalia mpira. Walibishana mpaka adhana ya magharibi, mimi nimelala pale pale kwa sababu kila nilipotaka kuinuka walisema usiguse kitu, tutapoteza ushahidi.

Shehe Bachir alikuwa anapita kwenda msikitini. Wakamwita. Akachungulia getini akasema, bibi Ancha, kiapo kilivunjika ulipopita mlango huu kwa nia ya kuingia, hata ungepaa. Lisha watu wako kumi. Na muombe Mungu msamaha kwa toroli.

Issufo kama nahodha akakata shauri palepale. Hakuna anayetaka mkosi kabla ya Quiterajo. Ngoma sitaishika mpaka masikini kumi wawe wameshiba. Nikisha kufanya hivyo kabla ya Jumamosi saa tisa na nusu, ngoma ni yangu. Nisipofanya, ni ya Dona Margarida mpaka mwisho wa Kombe.

Dona Margarida akanipa kidonge cha maumivu. Nimekimeza, lakini kwa chuki.


Jumatano, 11 Septemba

Palma haina masikini.

Nilidhani kazi itakuwa rahisi. Mwezi wa sita watu wa kampuni walipokuja na makaratasi kuandika nani ni masikini na nani atasaidiwa, mji mzima ulikuwa hauna kitu. Watu walivua viatu nyumbani kabla ya kwenda kujiandikisha! Jirani yangu mmoja aliandikisha wategemezi kumi na saba, kati yao watatu wamekufa na mmoja ni mbuzi. Leo nimepita na sufuria mlango kwa mlango nikisema karibuni Jumamosi chakula, ni kafara yangu, ya masikini. Lo!

Bi Alima, mjane, paa lake limetoboka unaona mwezi, alinitazama kuanzia ndarani mpaka ushungini. Akasema, Ancha, mimi masikini? Mimi? Umenionea wapi? Nikasema, shoga yangu, si mwezi wa sita uliandika? Akasema ile ilikuwa ya Wazungu. Akaniwekea kiti, akanipa chai na mhogo ili nione kwamba ana chai na mhogo. Nikanywa. Ana sukari kuliko mimi.

Nyumba ya pili wakaniambia nijaribu ya tatu. Ya tatu wakaniambia masikini wapo, wako mtaa wa pili. Mtaa wa pili wakanielekeza kwetu.

Nimerudi bila mtu hata mmoja. Muhamudo akasema yeye yuko tayari kuwa masikini. Shehe alishasema watu wa nyumbani hawahesabiwi. Akasikitika kweli.


Alhamisi, 12 Septemba

Daftari langu, nimepata! Nilikuwa natia bajia kwenye mafuta, mkono ukasimama. Estrela! Wanaocheza watano, wanaokaa benchi watano. Kumi! Kumi kamili! Nani alijua kwamba Mwenyezi Mungu alipanga mpira wa kikapu kwa ajili ya kafara?

Wataniambia si masikini kwa sababu wako kampu. Nimelifikiria hilo. Viatu vya Issufo vimefungwa kwa waya. Leonel mama yake yuko Mueda, na mtu aliye mbali na mama yake ni yatima wa muda. Wengine mikataba yao ni ya mwezi mmoja mmoja. Na timu iliyofungwa mara nne mfululizo, mwisho na Mbau, kama haistahili huruma, nani anastahili?

Halafu faida ni mbili. Watashiba, watapata nguvu, watawafunga Quiterajo. Mimi nitapiga ngoma. Dona Margarida atarudi kwenye sindano zake.

Nimekwenda kwa Profesa Joaquim nikamwambia nataka kuwapikia vijana Jumamosi saa tano, kama mama. Alikaribia kulia. Akasema hakuna aliyewahi kuwafikiria hivi. Neno kafara sikulitaja. Mtu anayepewa wali hahitaji maelezo.


Ijumaa, 13 Septemba

Baada ya swala nikamwambia Shehe Bachir kwamba masikini kumi wamepatikana, kesho wanakula. Nilisema haraka, nikiwa natembea. Akafurahi sana! Akauliza ni kina nani. Nikasema vijana. Akauliza vijana gani. Nikasema vijana wenye hali. Akasema mashaallah, siku hizi mtu hulisha masikini lakini hamjui hata kwa sura, wewe umewatafuta wenyewe. Atakuja kuomba dua.

Nikamwambia asijisumbue, jua kali. Akasema atakuja na kofia. Nikasema njia ina matope. Akasema mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano.

Mwanaume mwema huyu ataniua.

Nimekuna nazi nane. Changu wawili wakubwa wamo ndani ya friji. Muhamudo anapita kila mara kulifungua na kuwatazama.


Jumamosi, 14 Septemba

Mikono inanuka samaki, lakini lazima niandike yote kwa mpangilio.

Saa tano walifika. Kumi wote, wamevaa jezi tayari, wamekaa mkekani uani kwangu. Profesa Joaquim akasema wale kidogo tu. Nikasema ndiyo, kidogo. Nikaleta sinia la kwanza. Wali wa nazi, ubwabwa wenyewe, chembe moja moja, changu kwenye mchuzi wa ukwaju. Wakalimaliza. Nikaleta la pili. Mpishi wa kampu asije akaniambia chochote. Sinia la tatu Leonel alilipokea mlangoni mwenyewe akasema, Mama Ancha, wewe ndiye mama, wa Mueda alinizaa tu.

Nilitaka wamalize kabla Shehe hajafika. Kumbe kafika, amevaa kofia, anatabasamu. Hakuwatazama sana, macho yake siku hizi si mazuri kwa mbali. Akainua mikono papo hapo. Akaomba kwa sauti ile yake ya Ijumaa, inayofika mpaka ufukweni: Ya Rabbi, ipokee kafara ya mja wako Ancha kwa kiapo chake alichokivunja kwa toroli, na hawa masikini wako kumi, Ya Rabbi, uwatoe katika ufukara wao!

Wote wakasema amin. Kwa mazoea. Hata Leonel, ambaye ni Mkristo.

Kisha mikono ikasimama kwenye sinia.

Na hapo hapo simu ya Issufo ikalia. Akaizima. Ikalia simu yake ya pili.

Shehe akasogea karibu, akamtazama, akamtambua. Akasema, Issufo? Si wewe unayehesabu mabomba ya kampuni? Issufo akainuka. Akaniambia, mama, mimi nalisha watu tisa. Tisa! Mimi ndiye masikini wako? Leonel akauliza kafara ni kitu gani. Akaelezwa. Akafikiri, akasema kwa hiyo mimi ni dawa ya dhambi ya Mama Ancha? Kisha akachukua kipande kingine cha samaki. Yeye peke yake. Wengine walinawa, wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyesema asante. Issufo alikuwa wa mwisho. Akasema akiniona kiwanjani leo, hachezi.

Profesa Joaquim alibaki anatazama masinia matatu meupe. Akauliza walikula kiasi gani. Nikasema kidogo.

Mechi imeanza mimi niko uani nasugua masufuria. Kutoka kwangu mpaka ukuta wa shule ni nyumba mbili, nasikia kila kitu na sioni kitu. Muhamudo nilimfanya mjumbe. Lakini Muhamudo anatembea taratibu, husalimia watu njiani, habari zinafika zimechacha. Akaja akasema tumeanza vizuri, 4 kwa 2. Wakati huo nasikia Quiterajo wanashangilia kama harusi. Akaja tena akasema mapumziko, 12 kwa 29, vijana wanakimbia kama wanawake wajawazito. Leonel kabeua mbele ya mwamuzi.

Nilikaa chini.

Na habari zilikuwa zimeshafika kwa Quiterajo! Nilimshuku Dona Margarida, nilikwisha kumlaani nusu. Kumbe ni Abdurremane. Alikuwa na wateja wanne wa Quiterajo mchana, na kinyozi hawezi kushika wembe bila kusema. Basi kila mchezaji wetu akishika mpira, watu wa Quiterajo wote wananyoosha mikono kama ombaomba msikitini: masikini, masikini, wapeni! Mmoja akamtupia Leonel pakiti ya biskuti.

Muhamudo anasema Leonel hakucheka. Mara ya kwanza tangu tumjue. Aliiokota biskuti, akaitia ndani ya soksi, akamtazama Issufo, Issufo akamtazama yeye.

Kuanzia hapo Muhamudo hakurudi tena. Nilibaki na masikio yangu. Nikasikia ngoma. Dona Margarida alikuwa ameacha mapiko yake, ameanzisha wimbo palepale, masikini kala wali, masikini ana nguvu, na mji wetu wote unaitikia. Unaitikia! Wimbo wa chakula changu! Nami nikachukua mwiko na sufuria kubwa, nikasimama kando ya ukuta wa jirani, nikapiga. Nilipiga mpaka mwiko ukavunjika. Nilikuwa napiga na nalia, sijui kwa nini nalia. Hakuna aliyenisikia.

Kelele. Kisha kelele kubwa. Kisha kimya cha mtu anayetupa mpira wa mwisho. Kisha nikaona ndege wote wa Palma wanaruka juu ya shule.

50 kwa 48! Issufo!

Muhamudo alirudi jioni, hana sauti. Kwa ishara akanionyesha vidole hamsini.


Jumapili, 15 Septemba

Mji mzima haujafanya kazi leo. Kwa Abdurremane kuna watu mpaka barabarani, kioo hakionekani kwa povu. Wote wanajua kwa nini tumeshinda na kila mmoja anajua tofauti. Abdurremane anasema ni mpango wake. Wengine ngoma ya Dona Margarida. Nilipopita wakaniimbia masikini kala wali, lakini kwa mapenzi. Nadhani kwa mapenzi.

Issufo alikuja mwenyewe. Alicheka kwanza, kisha akasema, mama, yamekwisha. Nikauliza habari ya ngoma. Akasema hilo liko kwa Shehe.

Shehe alikuja alasiri na karatasi. Mtu huyu amekwenda kumpima mchezaji mmoja mmoja! Kati ya kumi, wenye haki ya kula kafara ni watatu wa benchi, ambao mikataba yao ya kampu imekwisha. Wamebaki saba. Nikakunja uso, naye akaniambia si jambo kubwa, bibi Ancha. Pima vibaba saba vya mchele, uviache msikitini kesho baada ya alasiri. Yeye anawajua watu wenye shida ya kweli, atawapelekea kimya kimya, hakuna atakayetajwa jina wala kuaibika. Jambo la nusu saa. Ngoma ni yangu kesho jioni.

Nilimshukuru kwa moyo wangu wote. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Mtu mwema kabisa.

Baadaye kidogo akaja Profesa Joaquim, akatazama kushoto na kulia, akasema kwa sauti ya chini. Jumamosi ijayo tuna Mbau tena, na hapa hapa, kwa sababu kwao ni mchanga. Vijana wameshafurahi sana, hasira imekwisha, anaogopa. Je, sina namna nyingine ya kuwatukana?

Nikamwambia namna hiyo sina. Akaondoka kichwa chini.

Lakini nimekaa na neno hilo la Mbau tangu magharibi, na sasa nashangaa sikuliona mapema. Mbau! Watakuja na lori, watafika saa nne na njaa ya njia nzima, hawana ndugu hapa wa kuwapikia. Na kwao hakuna kampu, hakuna mabomba ya kuhesabu, minazi yao hakuna aliyeilipa. Masikini halisi! Saba ni kafara, waliobaki ni sadaka. Vibaba saba vya mchele mkavu ni vya nini, wakati kuna watu wanaoweza kula saa tano na kucheza saa tisa na nusu? Jana nimeona kwa macho ya Muhamudo ubwabwa wangu unavyofanya kazi katika robo mbili za kwanza. Na wao hakuna atakayewatia hasira, kwa sababu hakuna atakayewaambia.

Nimemweleza Muhamudo. Akasema, mama, Shehe kasema mchele, msikitini, kesho. Mume wangu ni mtu mzuri lakini hana mawazo makubwa.

Barua ya kuwaalika nimeshaiandika, nzuri, ya heshima. Nimetia sahihi ya Dona Margarida, maana jina langu Mbau wanaweza kuwa wamelisikia. Kosa la jana nimeliona liko wapi: mlango wa ua ulikuwa wazi. Safari hii Shehe atabisha mpaka achoke.